Mwanzi wa Meza ya Nne

Nilistaafu siku kumi na mbili zilizopita na simu hazijakoma. Mama Zawadi, silva naitreti iko wapi? Mama Zawadi, hii chupa isiyo na lebo ina nini? Mama, ufunguo wa kabati la kushoto unazungushwa upande gani? Miaka yote niliyokaa pale shuleni hakuna mfanyakazi mwenzangu aliyetaka kuingia stoo ya maabara. Kila mtu alisimama mlangoni, akanyoosha mkono apewe, akaondoka. Sasa nimerudi kwetu Kalenga, nimeinamia matuta ya maharage, mikono imejaa udongo, ndipo wanakumbuka kuuliza. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Ninaandika mara moja kwa ajili yenu nyote mnaotunza maabara za shule, hasa nyinyi vijana wawili mliokabidhiwa stoo yangu. Someni, halafu mniache nilime.

Ufunguo unazungushwa kushoto huku mlango ukiusukuma kwa goti. Silva naitreti iko kwenye chupa ya kahawia, kabati la chini, mahali pa giza, na kama mmeihamishia dirishani imeshaharibika, msinipigie. Chupa isiyo na lebo niliikuta. Aliyenikabidhi stoo naye aliikuta. Iacheni hapo.

Nilianzia kazi Iringa, shule ya bweni yenye baridi ya kutafuna masikio. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: nilifika na viatu vya visigino, nikidhani maabara ni ofisi. Mtunza maabara wa pale alikuwa Mzee Chaula, Mbena mfupi mwenye koti la kaki lililotobolewa na asidi kifuani. Alinitazama miguu kwanza. "Kamwene," akasema. Nikaitikia salamu. Akanipa fagio. "Ukimaliza niambie umeona nini." Nilifagia, nikamwambia nimeona vumbi. Akanirudisha. Nikafagia tena, nikamwambia nimeona mende. Akanirudisha. Mara ya tatu, nikiwa na hasira na mgongo unaniuma, nikaona kwamba saruji chini ya kabati la asidi imekuwa nyeupe na inamomonyoka. Chupa moja ilikuwa inavuja. "Haya," akasema, "sasa umeanza kazi." Hakunipongeza. Sikuwahi kumsikia akimpongeza mtu.

Kilichonishangaza pale, na kimenikera mpaka leo, ni stoo iliyojaa vitu visivyoguswa kwa sababu ni "vya mtihani". Wanafunzi walisoma kemia miaka minne kwa kumeza daftari, halafu siku ya mtihani wa taifa ndiyo siku ya kwanza kuishika bureti, ule mrija mrefu wa kioo wa kupimia. Kuna walioishika kwa mikono miwili kama wanapokea mtoto mchanga. Ukiuliza kwa nini wasifanye majaribio mapema, unaambiwa kemikali zitaisha. Sasa kemikali ni za nini kama si za kuisha?

Mzee Chaula hakubishana na wakubwa. Alitengeneza vyake. Betri za redio zilizokufa alizipasua kwa nyundo akatoa kile kijiti cheusi cha katikati, ambacho ni kaboni safi, akakisugua kwa msasa. Chupa za jamu zikawa bika. Na kwa kuwa vishikio vya betri havikuwepo, alikata mianzi, ile ile inayogemwa pombe ya ulanzi, akaipasua upande mmoja, akapanga ndani betri nne zikifuatana kichwa kwa makalio, akazibana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Waya mmoja huku, waya mmoja kule. Ncha ya mwanzi inayotoa chanya aliipaka rangi nyekundu ya kucha, aliyoiomba kwa mkewe. Mama yule alilalamika miaka mingi.

Tulianza na elektrolisisi, kwa sababu haihitaji moto. Kama wewe ni mwalimu wa historia na umeangukia ukurasa huu kwa bahati mbaya, jambo lenyewe ni hili. Unayeyusha mrututu, yaani kopa salfeti, kwenye maji, yanakuwa ya buluu. Unachomeka vijiti viwili vya kaboni visivyogusana, unaviunga na betri. Umeme ukipita, shaba iliyokuwa imejificha kwenye ile buluu inatoka na kujibandika kwenye kijiti cha upande wa hasi, kinakuwa na rangi ya kahawia yenye wekundu. Hicho ndicho kathodi. Kijiti cha upande wa chanya, anodi, kinatoa mapovu ya oksijeni. Ukiacha muda mrefu, buluu yenyewe inafifia. Maji yamegeuka kitu kingine mbele ya macho yako. Nimeliona jaribio hili mara zisizohesabika na bado nikipita karibu nainama kuchungulia.

Sheria moja Mzee Chaula hakuilegeza. Mwanzi hauendi mezani kabla ya kupimwa kwenye kiazi. Unakata kiazi mviringo, unachomeka ncha mbili za waya wa shaba, unasubiri. Upande wa chanya kiazi kinakuwa kijani. Kama kijani hakiko upande wenye rangi nyekundu, betri zimepangwa kinyume. "Rangi imepakwa na mtu," alikuwa akisema, "na mtu anasahau. Kiazi hakijui kusahau." Nilimwona ni mzee msumbufu. Kule kwetu viazi ni chakula.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, nikapanga chumba mtaa wa Soweto, nikapelekwa kwenye shule ambayo sitaitaja kwa sababu bado nataka wanialike kwenye mahafali. Stoo ilikuwa na popo. Mrututu wa serikali ulikuwa umekwisha, nikaenda mjini kwa Bwana Omari, mzee ambaye babu yake alitoka pwani na hadi leo anauza udi, ubani na habasoda kwenye duka lisilo na nafasi ya kugeuka. Aliniuliza kwa adabu zote, "Mrututu wa vidonda, mama, au wa kunyunyizia kahawa?"

"Wa Kidato cha Tatu," nikamwambia.

"Huo hatuna," akasema, "lakini huu wa vidonda ni mkali, watauelewa." Nilinunua kwake miaka yote. Ni mtu pekee mjini Mbeya aliyewahi kuniuliza jaribio lilikwendaje.

Mwalimu wa kemia alikuwa Mwalimu Mwakalinga. Nataka niwe mwadilifu kwake. Hakukosa kipindi, hakuchapa ovyo, na mwandiko wake ubaoni ulikuwa mzuri kuliko wa vitabu. Lakini alikuwa na mwongozo wa kusahihishia, na mwongozo ule ulikuwa ndiyo dini yake. Katika miaka yetu yote pamoja sikumwona akiinama kutazama ndani ya chupa. Alikaa mbele, akasema "anzeni", akasahihisha daftari za darasa jingine. Nilipomwambia watoto wanaandika majibu kabla hawajachovya kijiti, alinijibu, "Mama Zawadi, mradi wanaandika yaliyo sahihi." Mkibishana na mtu wa namna hiyo mtazeeka mapema. Mimi nilikuwa nazeeka kwa wakati wangu, nikaacha.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nichukue kalamu, maana haya mengine mngeweza kuuliza kwa simu.

Alikuwepo msichana wa bweni, Atupele, kutoka Chunya. Wazazi wake ni wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nilimfahamu tangu Kidato cha Pili kwa sababu alikuwa anakuja stoo kunisaidia kuosha vyombo bila kuitwa, na kila akiosha anauliza. Siku moja aliniuliza, "Madamu, zebaki ikichomwa inaenda wapi?" Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba mama yake huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, halafu anachoma lile donge kwenye kikaango jikoni mpaka ibaki dhahabu tupu. "Zebaki haionekani tena. Lakini mama mikono inatetemeka, hawezi kutia uzi kwenye sindano. Nataka kujua kama imeingia kwake." Nilikaa chini. Nilimweleza ninalolijua, kwamba haiishi, inageuka mvuke, na anayeuvuta anaubeba mwilini. Alisikiliza bila kupepesa. Aliwahi kumuuliza Mwalimu Mwakalinga pia, akajibiwa kwamba hilo halimo kwenye silabasi. Basi akaamua ataisoma kemia mpaka afike mahali ambapo limo.

Pale shuleni Kidato cha Tatu kilikuwa na mikondo, na mkondo wa sayansi ulichukua wanafunzi wachache tu kwa kuwa maabara haikuwa na stuli za kutosha. Wiki ya kwanza ya Januari ulitungwa mtihani wa ndani, nao ulikuwa na swali la vitendo: elektrolisisi ya mrututu. Atakayeshindwa anakwenda mkondo wa sanaa, na kemia ndiyo imekwisha kwake. Atupele alilijua hilo. Nami nilijua kwamba analijua.

Januari Mbeya ni mvua. Betri zangu zilikuwa zimechoka, na shule haikuwa na mpya, kwa hiyo asubuhi ile nilizianika juani juu ya bati kama kila mtu anavyofanya, maana betri iliyochoka ikipata joto inarudisha nguvu kidogo. Zilikuwa ishirini na nne, za mianzi sita. Kabla ya saa nne wingu likashuka kutoka mlima Loleza, na matone ya kwanza yakapiga bati. Nilizizoa kwenye aproni nikakimbia. Wanafunzi walikuwa wameshapanga foleni mlangoni, Mwalimu Mwakalinga anatazama saa yake kwa namna ya kunionyesha kwamba anaitazama. Nikajaza mianzi haraka haraka. Kiazi kilikuwepo, kimeshakatwa, kiko kwenye sahani. Sikukitumia. Nilijiambia, leo tu.

Mwanzi wa meza ya nne niliujaza kinyume. Betri zote nne nilizitanguliza makalio badala ya kichwa. Kwa hiyo ncha yenye rangi nyekundu, ambayo kila mwanafunzi amefundishwa kwamba ni chanya, ilikuwa hasi. Sikujua mpaka mchana, wakati naosha vyombo. Nikatoa vijiti vya meza ya nne, na kile kilichofungwa upande mwekundu, ambacho kilipaswa kuwa kisafi, kimepakaa shaba juu mpaka chini.

Nisiwadanganye, jambo la kwanza nililofanya ni kukisugua kwa msasa. Nilijisemea kwamba haina madhara, maana watoto wenyewe wanaandika kutoka kichwani, hakuna atakayegundua. Nilikuwa sahihi kwa wanafunzi watano kati ya sita waliokaa meza ile. Watano wote waliandika kwamba shaba imeonekana kwenye kathodi, kijiti kisicho na alama, na mapovu kwenye anodi, kijiti cha upande mwekundu, wakati mbele ya pua zao ilikuwa kinyume. Wa sita alikuwa Atupele.

Orodha ilipobandikwa, jina lake lilikuwa mkondo wa sanaa. Nilimwona akihamisha kiti chake, amekibeba kichwani, anavuka uwanja wenye matope kwenda darasa la mwisho. Nilimwita stoo. Alikuja na karatasi yake ya mtihani imekunjwa mara nne. Kwa Kiingereza chake cha kuchechemea alikuwa ameandika kwamba kijiti chenye alama nyekundu kimepata rangi ya kahawia, kijiti kingine kinatoa mapovu, na mahali pa hitimisho akaandika kwamba hii si kama tulivyofundishwa na hajui kwa nini. Mwalimu Mwakalinga alikuwa amechora alama nyekundu ya kosa juu ya yote na kuandika chini, "Hukuzingatia somo."

"Ulijua jibu la kwenye daftari?" nikamuuliza.

"Nalijua, Madamu."

"Kwa nini hukuliandika?"

Alinitazama kama mimi ndiye mtoto. "Nyumbani ukisema umeona dhahabu na hujaiona, watu wanachimba bure."

Mimi niliyekuwa na miaka zaidi ya thelathini kazini niliikunja karatasi yake nikamrudishia. Nilisikia aibu, tena aibu ya kweli, ile inayokufanya utafute kitu cha kufuta hata kama meza ni safi. Nilimwambia aende, nitalishughulikia.

Nilimkuta Mwalimu Mwakalinga ofisini, anakunywa chai. Nikamwambia yote: bati, mvua, mwanzi, kiazi, msasa. Alinisikiliza hadi mwisho, ndiyo maana nasema si mtu mbaya. Halafu akaweka kikombe chini.

"Mama Zawadi, kwa hiyo yule binti alikuwa sahihi."

"Alikuwa sahihi peke yake."

"Na wale watano wa meza yake?"

"Waliandika wasichokiona."

"Nao wako sayansi," akasema. "Mmoja ni mtoto wa mjumbe wa bodi. Unataka niwatoe watano kwa ajili ya mmoja? Na nikiwatoa hao, nani ataniambia hizo meza nyingine tano waliona au walikariri? Nifute mtihani mzima kwa sababu ya betri zako?"

Nilimwambia ndiyo, aufute. Alicheka, si kwa dharau, kwa uchovu. Akasema mkuu wa shule hatakubali, na kwamba nikienda kwa mkuu kwanza nitaulizwa mimi kwa nini nilisugua ushahidi. Hapo alinipata. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mwishowe akatoa wazo lake: tuandike kwamba Atupele alikuwa mgonjwa siku ya mtihani, arudie swali la vitendo peke yake, akipata arudi sayansi. Hakuna atakayetolewa, hakuna atakayeulizwa. "Binti anapata anachokitaka," akasema. "Wewe unataka nini tena?"

Nilitaka mengi. Nilikubali hilo. Mnaoanza kazi mtaniona mwoga, nanyi subirini, siku yenu inakuja.

Jumatatu iliyofuata nilitayarisha meza moja. Betri zilikuwa mpya, nilizitoa kwenye redio yangu mwenyewe. Nilipima mwanzi kwenye kiazi mara tatu, viazi vitatu tofauti, na kila mara kijani kilikuja upande mwekundu. Mrututu wa Bwana Omari niliuchuja mpaka ukawa buluu ya anga. Sijawahi kutayarisha jaribio vizuri namna ile, wala sikuwahi tena.

Atupele aliingia, akakaa. Alikuwa ameambiwa na Mwalimu Mwakalinga kwamba, kwa kuwa alikuwa mgonjwa, amepewa nafasi nyingine. Hakuwa mgonjwa, alilijua hilo, na alijua kwamba sote tunalijua. Mwalimu alikaa mbele na rundo lake la daftari. Akasema, "Anza."

Binti hakugusa chupa. Alinigeukia mimi, akaniuliza taratibu, kwa heshima kabisa, "Madamu, safari hii inatakiwa itokee upande gani?"

"Wewe tazama tu," nikamwambia. "Andika unachokiona."

"Niliandika," akasema.

Pale pale ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa machache: betri niliziweka vibaya mimi, macho yako hayakukosea. Mwalimu Mwakalinga aliinua kichwa akanitazama. Nikashika waya kama vile kuna kitu hakijakaa sawa, nikaanza kuulegeza na kuukaza.

Atupele alisubiri kidogo. Alipoona sisemi, alivuta karatasi akainamia. Alijaza anodi, akajaza kathodi, akaandika hitimisho kwa mwandiko mzuri, sentensi ile ile iliyomo kwenye daftari la kila mtu, akaisogeza mbele ya meza na kuweka kalamu juu yake. Mimi bado nilikuwa na waya mkononi. Sikuwa nimeuunga.

Mwalimu Mwakalinga alisahihisha pale pale. Alimpa maksi zote.